Chemba ya mawakili kuingia fainali za tuzo: ni kujisifia tu au kuna kitu?

Kila mwaka London kuna msimu wa tuzo za wanasheria, na ukifika maneno ni yaleyale. Chemba fulani, yaani kundi la mawakili wanaoshea jengo na makarani, inatangaza imeingia kwenye majina ya mwisho ya kuwania chemba bora ya mwaka, wanawashukuru makarani wao, wanapongezana, halafu wanajitokeza watu wa kubeza, eti wanasheria wanavishana nishani wenyewe kwa wenyewe huku wananchi wanasubiri kesi zao miaka. Mabezo hayo mengine yana hoja nzito kabisa na nitayaweka hapa bila kuyapunguza. Ila mi naona kwa chemba za aina moja, zile zinazoishi kwa kesi za msaada wa kisheria, wanaobeza hawajaelewa kinachopimwa pale.

Kwa sisi tuliozoea mfumo wa Dar au Nairobi, wakili mmoja asubuhi anaandika mkataba, saa tano yuko mbele ya hakimu. England na Wales kazi imegawanywa. Solisita ndiye anakutana na mteja na kuandaa kesi, wakili wa mahakamani ndiye anasimama kuongea. Hawa wa mahakamani wako kama 17,000 hivi na karibu wanne kati ya kila watano wamejiajiri. Kwa hiyo chemba sio kampuni. Hakuna faida ya kugawana wala mshahara mwisho wa mwezi, kila mtu anakula alichopata. Wanachochangia ni pango la jengo, makarani wanaopokea kazi na kujadili ada, na jina la mlangoni. Hata mawakili wawili wa chemba moja wanaweza kukutana kwenye kesi moja, huyu anamtetea mdai yule anamtetea mdaiwa, na hakuna anayeshangaa.

Sasa hapo ndipo hoja ya kwanza ya wapingaji inapouma. Kama ni watu waliojiajiri wanaochangia paa tu, hiyo tuzo ya chemba anapewa nani? Wakili mmoja hodari akishinda kesi kubwa Mahakama ya Juu, wenzake sitini ambao hata faili hawajaligusa nao wanapanda jukwaani. Swali la haki hilo, nitalirudia.

Hoja ya pili ni hela. Tuzo kubwa za huko zinatolewa na kampuni zinazochapisha orodha za mawakili, Legal 500 na Chambers and Partners (hii ya pili licha ya jina ni wachapishaji, ilianza 1990). Kuorodheshwa ni bure, wanafanya utafiti, wanawapigia simu wateja na mawakili wenzio kuuliza sifa zako. Lakini meza ya chakula siku ya sherehe inauzwa, wasifu wako ukitaka uonekane zaidi kwenye tovuti yao unalipia, na mtu anayekupima akiwa pia anakuuzia meza, wasiwasi haukosekani. Halafu kuna kazi ya kuandaa maombi yenyewe, kukusanya kesi za mwaka mzima, kuomba majina ya watu wa kukusemea, kuandika kwa lugha tamu. Chemba za kesi za biashara zina watu wa masoko wanaolipwa kwa hiyo kazi. Kwenye chemba ya kesi za jinai na nyumba inafanywa na karani baada ya saa za kazi, au wakili kijana usiku akishamaliza kusoma faili la kesho.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwamba tuzo zinapenda ushindi na kelele. Chukua kesi tunayoijua huku kwetu, ya wazee wa Mau Mau. Wambugu wa Nyingi, Paulo Muoka Nzili na Jane Muthoni Mara waliishtaki serikali ya Uingereza Mahakama Kuu ya London kwa mateso ya miaka ya 1950. Oktoba 2012 jaji akakubali iendelee pamoja na kwamba nusu karne imeshapita, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ikasimama bungeni kutangaza £19.9 milioni, fidia na gharama za kesi humo humo, kwa watu 5,228. Kesi ya hivyo inang'arisha fomu yoyote ya tuzo. Lakini ikafuata nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 wenye madai ya kipindi kilekile, ikaenda miaka, wazee wakatoa ushahidi, na mwaka 2018 ikatupwa. Mawakili walioibeba hiyo ya pili walihitaji moyo kuliko wa ya kwanza, na ni ngumu kuona ikipewa mstari wa mbele kwenye fomu. Tena kanuni yao wenyewe, ile inayoitwa ya foleni ya teksi, inasema kesi ikija ya fani yako na una nafasi na ada inafaa, unaichukua, umpende mteja usimpende. Taaluma yenye kanuni hiyo ukiipima kwa ushindi unaipima kwa kitu ambacho haikukiahidi.

Haya yote nakubali. Ila tuangalie upande wa pili sasa, kwa sababu huu hausemwi na watu wanaujua kidogo sana.

Mwaka 2012 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Aprili 2013, iliyoondoa msaada wa kisheria kwenye sehemu kubwa ya kesi za familia, nyumba, uhamiaji na mafao. Yaani serikali ilikuwa inamlipia mtu asiye na uwezo, kuanzia siku hiyo kesi nyingi haimlipii tena. Upande wa jinai msaada ulibaki lakini ada zilikuwa zimedidimia miaka mingi, mpaka Juni 2022 mawakili wa jinai wakaanza kutoka mahakamani siku kadhaa kila wiki, Septemba wakagoma moja kwa moja, na Oktoba wakapiga kura kukubali nyongeza ya asilimia 15, tena kwa kura asilimia 57 tu, maana yake wengi bado waliona haitoshi.

Kwenye mgomo ule kuna namba moja chama chao cha mawakili wa jinai kilikuwa kinaisema kila mahali na mimi imenikaa kichwani mpaka leo. £12,200. Hicho ndicho kipato cha kati cha wakili wa jinai kwa mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo ya kazi, baada ya kutoa gharama. Igawanye kwa miezi 12, unapata kama £1,017. London hiyo ni kodi ya chumba kwenye nyumba ya kushea, nauli imebaki nyuma. Mtu aliyefanya kazi saa zote za wiki kwa mshahara wa chini kabisa wa kisheria kipindi cha mgomo, £9.50 kwa saa, alikuwa anapata zaidi ya £18,000. Kwa hiyo kijana aliyesoma chuo, akasoma na kozi ya uwakili, akashindania nafasi ya mafunzo ambayo wengi wanaikosa, anasimama mahakamani kumtetea mtu anayeweza kufungwa, anapata chini ya anayepanga bidhaa dukani. Sisemi kupanga bidhaa ni kazi duni, nasema hesabu hiyo haiwezi kumweka kijana wa familia ya kawaida kwenye kazi ile hata miaka miwili. Najua pia wazee wa fani hiyo wanapata mara nyingi zaidi ya hapo na serikali ilikuwa inapenda kutaja wastani unaowachanganya wote, lakini wazee wa kesho ni hawa vijana wa leo, wakiondoka hakuna wa kurithi. Kesi zinazosubiri Crown Court, mahakama ya kesi nzito za jinai, sasa zimepita 70,000, na huwezi kuzimaliza kama hakuna mtu wa kusimama upande wa mshtaki wala wa mshtakiwa.

Sasa nirudi kwenye lile swali, tuzo ya chemba anapewa nani. Kijana huyo wa £12,200 anabaki kazini kwa sababu gani? Kinachombakisha ni chemba. Chemba nyingi zinakata mchango kwa asilimia ya kipato, anayepata kikubwa anachangia kikubwa, kwa hiyo mkongwe mwenye cheo cha KC, kile cha mawakili waandamizi, ndiye anayebeba pango la kijana bila hata kulitaja. Posho ya anayefanya mafunzo ya mwaka wa kwanza inatoka mifukoni mwa wanachama, mwaka 2024 kiwango cha chini London kilikuwa kama £23,000, na hapo kumbuka chemba kubwa za biashara zinatoa zaidi ya £75,000 kwa mwanafunzi huyohuyo. Kesi ya wakili mmoja ikizidi muda na kesho ana nyingine mji mwingine, karani anahangaika mpaka saa mbili usiku kumtafutia mwenzake wa kuibeba, mteja asikute kiti kitupu. Kijana akipata jaji mkali anagonga mlango wa jirani, anaelekezwa bure.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye hukumu. Hukumu inaandika jina la wakili aliyesimama, sio la karani wala la mkongwe aliyelipia taa. Tuzo za mtu mmoja mmoja nazo zinaangalia aliyesimama. Ya chemba ndiyo inayoweza kuangalia ule umoja wenyewe, kwa hiyo wapingaji wanaposema mnatuza watu sitini kwa kazi ya mmoja, mi naona wamegeuza, kazi ya yule mmoja iliwezekana kwa sababu ya wale sitini.

Na faida yake ni ya kweli kabisa. Solisita wa mji mdogo mwenye mteja anayetolewa kwenye nyumba wiki ijayo hana muda wa kuchunguza chemba zote, anaangalia orodha, anapiga simu. Majina ya chemba kama Doughty Street, Garden Court na Matrix yanajulikana hata na asiyekuwa mwanasheria, lakini chemba ya mkoani inayofanya kazi za haki hizohizo bila kamera ikiingia kwenye majina ya mwisho ndio mara ya kwanza watu wengi wanaisikia. Kijana anayetafuta pa kufanya mafunzo naye anaisikia. Ndio maana nazipenda zaidi zile za Legal Aid Lawyer of the Year, zilizoanza 2003 chini ya chama cha watoa msaada wa kisheria wenyewe na haziendeshwi kwa faida, pale wanaheshimiwa watu wa kesi za mafao na za watoto ambao huku kwingine hawaitwi kabisa.

Kuna jambo moja lakini linanizuia kupiga makofi mpaka mwisho. Tooks Chambers, chemba ya Michael Mansfield, wakili wa familia ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi London mwaka 1993, ilikuwa na jina ambalo kwenye haki za raia huwezi kulipita. Mwaka 2013 ikatangaza inafungwa na ikasema wazi sababu ni makato ya msaada wa kisheria. Sifa zote zile hazikulipa pango. Kwa hiyo anayedhani tuzo itaokoa chemba hizi anajidanganya, na waziri anayekuja kwenye sherehe kushikana mikono na washindi wakati ada hazijaguswa anastahili kuulizwa maswali magumu hapohapo ukumbini.

Waandaaji nao wanaweza kufanya kitu bila kusubiri serikali. Fomu zao zinauliza kesi kubwa za mwaka, waongeze na mengine. Chemba yako inawalipa wanaofanya mafunzo kiasi gani, na wangapi kati yao bado wako na nyie baada ya miaka mitano? Wanawake waliotoka uzazi, wangapi walirudi na wakapewa kazi za maana? Kesi ambazo wakili wake alishindwa kufika dakika za mwisho nani alizibeba na alilipwaje? Chemba ndogo ya msaada wa kisheria inaweza kujibu hayo ikaishinda ya biashara yenye idara nzima ya masoko. Na meza zisiuzwe kwa chemba zilizoko kwenye fainali, wapewe viti viwili bure, kimoja cha karani.