Kusi Imeingia, Ngozi Inatoka

Njomba, hivi nani alitangaza kwamba Mtwara hakuna baridi? Aletwe hapa Shangani alfajiri ya Julai, asimamishwe ufukweni robo saa, halafu tumkague midomo. Watu wa Njombe wanatucheka, eti nyuzi 19 au 20 nazo ni baridi? Wacheke, wana makoti. Sisi tuna kusi, upepo usiojua usiku wala Ijumaa, na mvua zimeshaaga tangu Mei. Hatugandi sisi, tunaanikwa kama ngisi kambani. Na wa kule Newala juu ndiyo basi tena, upepo wote wa uwanda wa Makonde unapita uani kwao.

Kinachokera ni kwamba mtu anaoga kila siku, anajipaka mafuta kila siku, na bado amepauka. Ugoko mweupe, ukipitisha ukucha unaandika jina lako na la baba yako. Ukimuuliza, anasema mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa. Mafuta ya watu hayana kosa! Kosa liko bafuni.

Kipupwe kikiingia tu, kila mtu anataka maji ya moto. Yale ya kuchunia kuku. Anajimwagia nusu saa, anatoka bafuni anafuka moshi, anasema "nimepona". Umepona nini? Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji ya mwilini yasitoroke. Maji ya moto yanayayeyusha, sabuni inayaondoa, kisha unatoka nje kusi inakusubiri mlangoni. Chukua lita 8 za maji ya bomba, ongeza lita moja na nusu ya maji yaliyochemka, basi. Yanakuwa vuguvugu, karibu na joto la mwili. Jaribu kwa kiwiko, kama ukisita kumwogesha mtoto mchanga, na wewe usiyaoge. Dakika tano mpaka kumi zinatosha. Kwani unaosha gari?

Halafu sabuni ya mche! Mche mmoja unafua shuka, unaosha sufuria, na jioni unapanda mgongoni kwa mwenye nyumba. Sabuni ile ilitengenezwa ipigane na masizi, nawe unaipeleka shavuni. Kama ndiyo iliyopo, sawa, maisha magumu, lakini iishie kwapani, kwenye mapaja na nyayo. Ugoko na mikono vinatosheka na maji. Na dodoki mara moja au mbili kwa wiki, taratibu. Kuna watu wanajisugua mpaka wanalia, halafu wanaita usafi.

Sasa njoo kwenye kujipaka, hapa ndipo mji mzima unapokosea. Mtu anatoka bafuni, anajifuta mpaka taulo linaomba msamaha, anakunywa chai, anamsalimia jirani, anauliza bei ya samaki, ndipo anakumbuka mafuta. Maji yameshaondoka! Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake, kazi yake ni kufunga mlango. Ukifunga mlango maji yameshatoka, umefungia ukavu ndani. Futa kwa kubonyezabonyeza, ngozi ibaki na unyevu, paka ndani ya dakika tatu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha miguu yote miwili kuanzia gotini. Ukiona shuka limekuwa la kukaangia maandazi, umezidisha. Losheni nyepesi ya chupa, ile ya kumiminika, iache mpaka mvua zirudi, kwenye kusi hii haichelewi kukauka. Gliserini nayo usiipake tupu, inavuta maji, na hewa ikiwa kavu inayavuta humohumo mwilini mwako. Ichanganye nusu kwa nusu na maji, upake mafuta mazito juu yake.

Na msimsumbue mama muuza mafuta ya nazi. Kila Julai anatukanwa, eti kachanganya na mafuta ya kupikia, "ona yameganda!" Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wetu wa kipupwe unashuka zaidi ya hapo. Chupa iweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yatarudi. Au nunua kopo la mdomo mpana uchote kwa kidole, uache kuchokonoa chupa kwa mshikaki. Yanayonuka uvundo hayo kweli ni kesi: mpikaji aliyaepua tui halijamaliza kutoa mapovu, maji yakabaki ndani.

Midomo, acheni kuilamba. Mate yanakauka yanaondoka na unyevu uliokuwepo, unalamba tena, mpaka unatokea mduara mweusi kuuzunguka mdomo na watu wanauliza umekula zambarau wapi.

Magaga sasa. Ngozi ya kisigino ikiwa nene na kavu haivutiki, uzito ukiikalia inapasuka. Na kandambili zimeacha kisigino wazi mwaka mzima kinakula mchanga. Loweka dakika 15 kwenye maji vuguvugu, sugua kwa jiwe ngozi ikiwa laini, kidogokidogo, si siku moja umalize. Wembe weka mbali! Paka mafuta ya mgando, vaa soksi za pamba, lala. Ukipata krimu yenye yurea, ile ya kulainisha ngozi ngumu, asilimia 10 mpaka 25, vizuri zaidi, ila usiweke penye kidonda, itakuchoma. Mwenye kisukari na ufa unaotoa damu asihangaike na jiwe, aende hospitali.

Mnaopuliza salfa kwenye mikorosho, tunajua ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri, lakini vaeni mikono mirefu na miwani, mkimaliza mkaoge na kubadili nguo kabla ya kukumbatia mtoto. Vumbi lile linawasha na kukausha, nanyi mnarudi nalo kitandani.

Wengine wakipauka tu wanakimbilia tyubu ya betamethasone ya kwenye meza ya sokoni. Ile ni dawa, tena yenye steroidi. Ukiipaka usoni miezi miwili ngozi inakonda na mishipa inaonekana, halafu unailaumu kusi.

Na si kila muwasho ni kipupwe. Mkikunana nyumba nzima, usiku unazidi, na kuna vipele katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele, ugonjwa wa kuambukizana, mafuta ya nazi hayautishi. Nendeni kituo cha afya. Mkipewa dawa mnapaka wote siku moja, shingoni mpaka vidole vya miguu, nguo na mashuka vinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Na yule mjomba anayekaa barazani akisema yeye hawashwi, mpakeni yeye kwanza.