Kuteleza si Kudumu

Wanaotetea plastiki zilizochanganywa na vilainishi vikavu wana hoja nzito. Bushi ya nailoni, yaani mkebe mdogo ambamo ekseli huzunguka, iliyotiwa unga wa grafaiti au tefloni inaweza kufanya kazi bila grisi. Kwenye mashine ya kufungasha chakula, ambako tone la mafuta linaharibu bidhaa, faida hiyo ni kubwa mno. Tatizo ni kwamba sifa wanazozitoa huishia kwenye msuguano mdogo, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari mpasuaji John Charnley alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye kikombe cha tefloni, ileile inayopakwa kwenye vikaango. Aliichagua kwa sababu inateleza kuliko karibu plastiki zote. Wagonjwa takriban 300 waliwekewa, wakatembea vizuri. Baada ya miaka michache, kichwa cha chuma, tufe linalozunguka ndani ya nyonga hiyo, kilikuwa kimezama ndani ya kikombe kilicholika, na vumbi la tefloni limeuchokoza mwili hadi nyama za kando zikaharibika.

Akajaribu tefloni yenye vijazo, yaani unga mgumu unaochanganywa ili isilike haraka. Maabara, ilistahimili kulika mara 20 zaidi. Mwilini ikalika kama ile ya kwanza, na vijazo vikawa msasa uliokikwangua chuma. Mwaka 1962 akahamia polithini yenye molekuli ndefu sana. Msuguano wake ni mkubwa kuliko wa tefloni, lakini ndiyo iliyodumu.

Hata hivyo, kuvikataa vijazo kwa sababu ya kisa hicho kungekuwa kuonea. Tefloni tupu hubanduka vipande vikubwa. Kijazo kinachofaa huvizuia, kikasaidia utando mwembamba wa tefloni ushike kwenye chuma, na kulika kunaweza kupungua hata mara 1,000. Ila utando wa vilainishi vikavu una masharti. Grafaiti inahitaji unyevu wa hewa. Kwenye ombwe la angani, pasipo na hewa, hukwama. Molibdeni disulfidi, kilainishi kikavu kingine, ni kinyume chake: hufanya vizuri kwenye ombwe, unyevu ukaidhoofisha. Na unga wowote ukizidi, plastiki yenyewe hupungua nguvu.

Kwa hiyo jedwali la muuzaji lenye namba ya msuguano peke yake halinitoshi. Nataka kiwango cha kulika, na kando yake mzigo, mwendo, joto na ulaini wa uso wa chuma kilichotumika. Kama bushi itakaa ndani ya maji, ijaribiwe ndani ya maji.