Kuongezewa njia: mkasi unaponusuru na unapoumiza

Aliyejifungua mtoto wa kwanza hospitali analijua swali la jirani: "Umeongezewa njia au umechanika?" Kuongezewa njia ni kukatwa kwa mkasi ili mtoto apite. Kana kwamba hakuna jibu la tatu.

Hoja ya wanaotetea mkasi ni ya zamani. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago alishauri msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukatwe mapema, maana palipokatwa hushoneka vizuri kuliko palipochanika penyewe. Inaingia akilini. Hata fundi cherehani atakwambia hivyohivyo kuhusu kitambaa.

Ila msamba unavutika, tena sana. Utafiti wa Argentina uliochapishwa 1993 ulihusisha wanawake 2,606. Kundi moja lilikatwa kama utaratibu wa kila siku, wanawake 83 katika kila 100. Kundi la pili lilikatwa pale tu palipokuwa na sababu, 30 katika kila 100. Michaniko mibaya, ile inayofika kwenye misuli ya njia ya haja kubwa, ilikuwa asilimia 1.5 kwa kundi la kwanza na 1.2 kwa la pili. Mkasi wote ule haukumkinga mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba usiwe wa kila mzazi.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka uwekwe kabatini. Mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka na kichwa kiko mlangoni, dakika mbili ni nyingi mno. Na mama aliyekeketwa akashonwa ana kovu lisilovutika. Usipopafungua, patachanika pabaya.

Uzazi wa kwanza, mtoto wa kilo 4 na zaidi, mtoto anayetoka uso ukitazama juu: hayo yote huongeza hatari, na ukishapanda kitandani huyabadilishi. Kasi ya kichwa ndiyo inayobadilika. Mkunga mwenye nafasi huweka kitambaa cha maji ya moto kwenye msamba, mkono mwingine unakizuia kichwa kisichomoke, huku akisema, "Usisukume sasa mama, hema tu, hema." Akiwa na wazazi watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, mkono huo autoe wapi? Mkasi uko kwenye trei.

Na ukikatwa, sindano ya ganzi ni haki yako, wakati wa kukata na wa kushona. Hii ya "vumilia, ni nyuzi mbili tu" sijui aliianzisha nani.