Drafti ni ya watu wawili

Jamani, drafti ni ya watu wawili! Kete 12 huku, 12 kule, basi. Sasa hawa makocha wa kijiweni wametoka wapi? Umeinamia ubao, mtego umeiva: mwenzio asogee hatua moja tu, umpe kete moja ale kwa lazima, nawe ule tatu mpaka mstari wake wa mwisho, kete yako iwe kingi. Ghafla mkono unapita juu ya bega lako, kidole kinagonga ubao: "Usisogee hapo, unategwa!" Kwisha habari. Mwambie akae acheze yeye, utasikia ana haraka (tangu saa nne asubuhi yupo hapo hapo). Ukifungwa, wa kwanza kucheka ni yeye: "Si nilikwambia?" Ulimwambia nani? Si ulikuwa unamwambia mpinzani wangu!