Gari la Sinema: Lipi Hasa Ndilo Lenyewe?

Januari 10, 2020, mjini Kissimmee katika jimbo la Florida, Marekani, Ford Mustang ya kijani ya mwaka 1968 iliingizwa ukumbi wa mnada ikiwa imefifia rangi, ina kutu hapa na pale na mikwaruzo ya zaidi ya miaka 50. Hakuna aliyeipiga msasa, hakuna aliyeipaka rangi mpya. Nyundo ikagonga kwenye dola milioni 3.4, na baada ya kuongeza ada za mnada mnunuzi akatoa dola milioni 3.74. Kabla ya hapo hakuna Mustang iliyowahi kuuzwa bei hiyo mnadani.

Lilikuwa gari la mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt, iliyotoka mwaka 1968, yenye ule mfukuzano wa karibu dakika 11 kwenye vilima vya San Francisco ambao watengenezaji wa filamu wanauiga hadi leo.

Bei hiyo ilifufua ubishi wa siku nyingi kati ya wapenzi wa magari na wapenzi wa sinema. Wapo wanaosema gari la sinema ni lile tulilolitazama kwenye kioo, na kwamba nakala iliyotengenezwa vizuri ina thamani ileile kwa sababu filamu yenyewe ni mazingaombwe. Wapo wanaosema hapana, gari ni chuma chenye namba yake, na chuma kile ama kilikuwepo siku ile kamera ikizunguka au hakikuwepo. Mimi ni wa kundi la pili, lakini nakiri kwamba kundi la kwanza lina hoja ambazo wengi wa upande wangu wanazikwepa.

Tuanze na hoja yao iliyo nzito zaidi. Gari moja unaloliona kwenye filamu mara nyingi ni magari mawili, matano au kumi. Lipo gari kuu, safi, la kupigwa picha kwa karibu mhusika akiwa ndani. Yapo ya michezo ya hatari, yaliyokazwa chuma chini na kwenye shokapu ili yaruke bila kukatika. Mengine hukatwa bodi ili kamera ipate pa kukaa. Bullitt ilitumia Mustang mbili zenye namba za chesisi zinazofuatana, moja ikiishia na 558 na nyingine 559, na fundi aliyezitayarisha kwa kishindo cha vilima alikuwa Max Balchowsky. Kwenye usukani pia hakuwa McQueen peke yake, kwani baadhi ya vipande vigumu viliendeshwa na Bud Ekins na Loren Janes. Ukitazama mfukuzano ule kwa makini utaona Volkswagen moja ya kijani ikipitwa tena na tena, na Dodge Charger nyeusi ya wabaya ikidondosha vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu iliyo nayo. Gari tulilolipenda liliungwa na mhariri Frank P. Keller mezani kwake, na kwa kazi hiyo alipata Oscar. Sasa anayedai kuwa ameliona "lile gari" ameliona lipi?

Hoja hiyo siidharau. Lakini hebu tufuate magari yale mawili baada ya kamera kuzimwa.

Lile la 559 lilinunuliwa na mfanyakazi wa studio, kisha likawa mikononi mwa mpelelezi wa polisi huko New Jersey. Mwaka 1974 familia moja ililiona kwenye tangazo la jarida ikalinunua kwa dola 6,000. Hawakulifanya sanamu. Mama wa familia hiyo alikuwa mwalimu, naye ndilo aliloliendesha kwenda shuleni kufundisha. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akiomba arudishiwe gari lake. Hawakumuuzia. Mwaka 1980 klachi ikafa, gari likaegeshwa, na McQueen akafariki Novemba mwaka huohuo. Kwa karibu miaka 40 wapenzi wa magari walikuwa wakiulizana liko wapi, nalo limekaa kimya nyumbani kwa watu, hadi Januari 2018 kampuni ya Ford ilipolitoa hadharani kwenye maonyesho ya Detroit. Mtoto wa familia ile alihakikisha injini inawaka, lakini bodi hakuigusa. Chini yake bado kuna vibanio vya chuma vilivyochomelewa mwaka 1968 kushikilia kamera.

Vibanio hivyo navitazama kwa namna ya pekee. Kwa mtu wa kuunda nakala, vibanio ni kitu cha kuongeza. Kwa gari hili ni kovu. Kuna mtu alipiga magoti pale California na mashine ya kuchomelea akavibandika, kwa sababu mpiga picha alihitaji kuuona uso wa dereva gari likiteremka mlima. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja vingekuwa ushahidi.

Lile la 558, lililopigwa na kurushwa zaidi, liliaminika kuwa limeishia kwenye chuma chakavu. Kumbe lilivuka mpaka. Mwaka 2017 habari zilitoka kwamba limepatikana Baja California, nchini Mexico, likiwa limepakwa rangi nyeupe, halina injini wala gia boksi. Waliolinunua walikuwa na mpango wa kuligeuza kuwa nakala ya Mustang nyingine ya sinema, ile inayoitwa Eleanor. Ilibaki kidogo tu gari la kweli la filamu moja livunjwe ili kuunda gari la uongo la filamu nyingine. Lililoliokoa ni namba ya chesisi, iliyolinganishwa na kumbukumbu za kiwanda cha Ford, pamoja na vyuma vya nyongeza vilivyokutwa sehemu za shokapu za mbele.

Yeyote aliyewahi kununua gari la mkononi kwetu anaelewa uzito wa jambo hilo. Unafungua boneti, unasoma namba, unailinganisha na kadi, ndipo mnazungumza bei. Niliwahi kusimama gereji Ilala nikimtazama fundi wa bodi akikagua gari kabla ya mteja wake kulipa. Hakutumia kifaa chochote. Aligonga mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea shubiri moja, akagonga tena. Penye bati tupu palilia, penye pati palikuwa na sauti ya kuziba. "Hili lilishalala ubavu," akasema, na mteja akaenda kutafuta gari jingine. Gari lina kumbukumbu ndani ya bati lake, na rangi mpya kazi yake ya kwanza ni kuificha.

Hapo ndipo ninapotofautiana hata na baadhi ya wenzangu wanaotaka gari la sinema lirudishwe "kama lilivyokuwa". Lilivyokuwa lini? Aston Martin DB5 ya Goldfinger, filamu ya mwaka 1964, inaonyesha ugumu wa swali hilo. Gari lenye chesisi DP/216/1 ndilo lililobeba vile vifaa vya James Bond: bunduki za mbele, kiti cha kumrusha abiria, namba za gari zinazozunguka. Filamu zilipokwisha, kampuni iling'oa vifaa vyote na mwaka 1968 ikaliuza kama gari la kawaida lililotumika. Mmiliki wa baadaye akaweka vifaa vya kuiga. Mwaka 1986 liliuzwa kwa dola 275,000 kwenye mnada wa New York, na Juni 1997 likaibwa usiku kutoka banda la ndege kwenye uwanja wa Boca Raton, Florida. Bima ikalipa zaidi ya dola milioni 4, na gari halijaonekana hadharani hadi leo. Kwa hiyo mwizi aliondoka na chesisi ya kweli yenye vifaa vya bandia. Kile tulichokipenda watazamaji, yaani kiti cha kuruka na bunduki, kilikuwa kimeng'olewa miaka mingi kabla.

Soko nalo linachanganya mambo. DB5 nyingine, iliyoendeshwa kwenye filamu zilezile za Bond, iliuzwa London mwaka 2010 kwa pauni milioni 2.9, takriban dola milioni 4.6 wakati huo. Mwaka 2019 huko Monterey, California, DB5 ya tatu, iliyotengenezwa mahsusi kwa kutangazia filamu ya Thunderball na ambayo haikuonekana kwenye filamu hata dakika moja, ikauzwa dola 6,385,000. Najua miaka tisa katikati yake inapandisha bei za magari ya aina hiyo. Hata hivyo, wanunuzi walilipa fedha nyingi zaidi kwa gari lililozunguka kwenye maduka na maonyesho kuliko lililofanya kazi mbele ya kamera. Wale wa kundi la kwanza wanaitumia hesabu hii kama rungu, na wana haki. Inaonyesha kwamba matajiri wengi wananunua vifaa vinavyofanya kazi na hadithi ya kuwasimulia wageni, na "ukweli" wa gari unafuata nyuma.

Mfano mwingine unaowapa nguvu ni Ferrari ya Ferris Bueller's Day Off, ya mwaka 1986. Ferrari halisi ya aina ile, 250 GT California, ilikuwa ghali mno kuharibiwa, kwa hiyo watengenezaji walitumia magari ya bodi ya faiba yaliyoundwa na kampuni ndogo ya California iitwayo Modena Design. Ferrari walichukia, wakashtaki. Leo magari hayo ya kuiga yanauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye filamu. Ukimpeleka pale mwenye Ferrari halisi inayozidi dola milioni 10, gari lake ni la thamani kubwa, lakini kwa filamu ile ndilo la bandia. Wenzangu hukwepa mfano huu. Mimi naona unatusaidia. Unaonyesha kwamba tunachokitafuta ni kuwepo: chuma hiki, au faiba hii, ilikuwa pale siku ile. Nembo ya kiwanda haihusiki.

Kuhusu studio kuyaponda magari baada ya kazi, hapo sina ugomvi mkubwa nazo. Gari lililokatwa nguzo za bodi au kurushwa mara tatu ni hatari barabarani, na likimuua mtu baadaye kesi itarudi kwa waliolitoa. Kuna na magari ambayo hayakuundwa kuendeshwa mitaani tangu mwanzo. Aston Martin walitengeneza DB10 kumi kwa ajili ya Spectre, filamu ya Bond ya mwaka 2015. Moja ilipigwa mnada London mwaka 2016 kwa zaidi ya pauni milioni 2.4, fedha zikaenda kwa hisani, na mnunuzi alijua kabisa kwamba hawezi kuliwekea namba akaenda nalo kazini. Ninachokililia ni kumbukumbu. Kabla ya kuponda, andika namba, piga picha za sehemu zilizokatwa, taja tukio lililochezwa. Kazi hiyo ni ya nusu siku, na pasipo hiyo ndipo wanapopatikana madalali wa kuuza "gari la filamu" lenye stika na cheti kilichochapwa juzi.

Vijana wetu wanaopenda magari ya Fast and Furious walijue hili. Supra ya rangi ya chungwa aliyoendesha Paul Walker iliuzwa mwaka 2021 kwa dola 550,000. Ulimwenguni kuna Supra za chungwa nyingi sana zenye michoro ileile ubavuni, na nyingi zimetengenezwa kwa mapenzi ya kweli. Mwenye nakala anayesema wazi kwamba ni nakala hajamkosea mtu. Anawapa watoto wa mtaani kwake nafasi ya kuligusa gari ambalo lile la nusu milioni halitawahi kuwapa, na kwa hilo anastahili heshima.

Urudishaji pia una sehemu yake. DeLorean kuu, gari la filamu ya Back to the Future, iliwekwa nje kwenye studio za Universal, ikachakazwa na jua na mvua, na watu wakanyofoa vipande vya ukumbusho hadi ikawa ya kusikitisha. Mashabiki walijitolea kuirudisha, wakasaka vifaa vya aina ileile iliyotumiwa na waundaji wa mwaka 1985, na sasa ipo Petersen, jumba la makumbusho ya magari Los Angeles. Pale sioni kosa. Uharibifu ulitokana na uzembe na wizi, haukuwa historia ya gari kazini, na kilichobaki kisingesimama peke yake.

Mustang ya 558 ni jambo jingine. Ile rangi nyeupe ya Mexico haikuwa uzembe, yalikuwa maisha ya gari baada ya sinema, maisha ya kuuzwa, kuvuka mpaka, kusahauliwa na kutumika. Laiti ningekuwa na sauti siku ile ilipopatikana, ningewaomba wailaze gereji vilevile bila injini, waisafishe vumbi, kisha wafute kipande kidogo cha rangi ile nyeupe, ukubwa wa kiganja, pembeni mwa vile vyuma vilivyoongezwa kwa ajili ya vilima vya San Francisco, waone kama kijani bado kipo chini yake.