Walimu wa Magila na ile nusu ya stori inayorukwa

Stori ya shule za UMCA, misheni ya Kianglikana, kule Magila, Muheza, wakati wa Vita ya Kwanza huwa inasimuliwa kifupi hivi: Mjerumani katili, walimu wakafungwa, Mwingereza akaja kuwakomboa. Mi naona kuna nusu inarukwa.

Kuonewa walionewa, sipingi. Misheni ilikuwa ya Waingereza ndani ya koloni la Mjerumani, 1914 wazungu wake wakakamatwa na walimu Waafrika nao wakasombwa, wengine na mnyororo shingoni, hadi Tabora, na hiyo ni serikali ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, vyote vinahesabiwa. Tena aliyeiteka Tabora Septemba 1916 sio Mwingereza, ni Mbelgiji na askari wake wa Kongo.

Kosa lao eti ujasusi. Sasa hapa tuwe wakweli, Novemba 1914 jeshi kutoka India limeshuka Tanga, limechapwa limerudi melini, na Muheza hapo jirani kuna watu wanajua Kiingereza na askofu wao anakaa Unguja kwa adui. Mjerumani kuogopa naelewa. Ila woga sio ushahidi, hapo hanishawishi mtu.

Upande mwingine sasa. 1916 askofu huyohuyo, Frank Weston, alikusanya wapagazi Unguja akawapeleka bara kwenye vita, mwenyewe na cheo cha meja. Wanaomtetea wanasema alienda ili wasinyanyaswe, na kweli alitembea nao kwa miguu, na 1920 akaandika kijitabu kuwasema Waingereza wenzake kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kazi. Namheshimu kwa hilo. Lakini wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza Afrika Mashariki wanakadiriwa 95,000 hivi, wengi kwa maradhi na njaa sio risasi, na kikosi chao, Carrier Corps, ndo kimeipa jina Kariakoo tunakoenda kununua nyanya.

Kwa nini basi tunawakumbuka walimu tu? Nadhani ni kalamu. Martin Kayamba, msomi wa Kiungani, chuo cha UMCA Unguja, alifungwa na Mjerumani, akatoka akawa karani wa Mwingereza Tanga, 1922 akaanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na baadae akaandika maisha yake mwenyewe, kifungo kikiwemo. Aliyeanguka na mzigo wake kichwani kwa kuhara damu huko porini, huyo hata jina lake wengi wetu hatulijui.