Ng'ombe ameanguka bandani: kisu, sindano, au kungoja?

Jumapili moja ya masika, alfajiri, ng'ombe wa jirani yangu aliteleza bandani. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyosakafiwa laini, imelowa mkojo na maji ya mvua. Miguu ya nyuma ilitanuka, mmoja huku na mwingine kule, akaketi kama mbwa, kisha akalala. Alikuwa chotara wa Friesian, amezaa mara tatu, miezi mitano tangu azae, anakamuliwa asubuhi na jioni. Ilipofika saa mbili tulikuwa watu saba pale bandani na kila mmoja ana neno lake. Baba mwenye nyumba alitaka apigiwe simu mwenye bucha. Mama alitaka aitwe bwana mifugo. Mimi na wengine wawili tulisema tungoje kwanza, huenda atainuka mwenyewe.

Tulingoja hadi Jumatano. Alhamisi tulichimba shimo tukamzika na nyama yake yote.

Tangu siku hiyo nimezipima tena na tena hoja za baba na za mama, na naona kila mmoja alikuwa na haki yake. Wasiokuwa na haki tulikuwa sisi wa upande wa tatu.

Nianze na kisu, maana wanaokitetea huonekana watu wasio na huruma, na hilo si kweli. Ng'ombe wa kisasa aliyekomaa ana kilo 400 na zaidi. Mfupa wa paja ukivunjika, ni vigumu mno kuufunga ukabeba uzito huo hadi uunge. Nyonga ikichomoka, inaweza kurudishwa iwapo mtaalamu amefika siku hiyohiyo na watu wa kuvuta wapo, na hata hapo huweza kuchomoka tena. Uti wa mgongo ukiumia hadi miguu ya nyuma ikapoteza hisia, hakuna la kufanya. Kwa ng'ombe wa namna hiyo kila saa anayoongezewa ni saa ya maumivu, na kisu kikali mkononi mwa mtu anayeijua kazi yake ndiyo huruma iliyobaki.

Kisha kuna nyama, na sioni aibu kuitaja. Ng'ombe aliyekuwa mzima jana na leo amevunjika mguu, nyama yake ni ileile ya jana. Familia iliyompoteza mkamuliwa wake inahitaji pesa ya kuanzia upya, na pesa hiyo imelala pale sakafuni. Waislamu wana hoja nyingine nzito juu ya hiyo. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, inaharamisha mnyama aliyekufa kwa kukabwa koo, kwa kupigwa, kwa kuanguka, kwa kupigwa pembe na mwenzake, au aliyeliwa na mnyama mkali, isipokuwa yule mtakayewahi kumchinja angali hai. Kwa hiyo aliyeanguka si haramu kwa sababu ya kuanguka. Anakuwa kibudu mkimwacha afe. Mzee mmoja aliyekuwa pale bandani alilirudia neno hilohilo moja, "wahini", na sisi tukamwona ana haraka ya nyama.

Upande wa sindano una nguvu zake, tena kubwa kuliko wenye haraka wanavyokubali. Ng'ombe wengi wanaolala wasiinuke hawajavunjika popote. Aliyezaa ndani ya siku tatu hivi, hasa mwenye maziwa mengi na aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, mara nyingi ana homa ya maziwa: kalsiamu imepungua kwenye damu, masikio ni ya baridi, shingo ameikunja kuelekea ubavuni. Jina lina neno homa lakini joto la mwili hushuka. Akipewa kalsiamu kwenye mshipa, polepole, kwa mkono wa anayejua kwa kuwa ikienda kasi inaweza kuusimamisha moyo, huweza kuinuka ndani ya saa chache kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kumchinja huyo ni kumchinja kwa uzembe wetu wa kutouliza alizaa lini. Mwingine amezaa ndama mkubwa, mishipa ya fahamu ya ndani ya nyonga ikabanwa, miguu ikawa inatanuka kila anapojaribu kusimama. Huyo hufungwa miguu ya nyuma kwa kamba laini, ikiachwa nafasi ya kama futi moja na zaidi kidogo, anawekwa kwenye mchanga au nyasi nene, na baada ya siku kadhaa wapo wanaopona kabisa. Ndama aliyevunjika chini ya goti ana matumaini mazuri zaidi: ni mwepesi, mifupa yake inaunga haraka, plasta ya wiki nne hadi sita humrudisha malishoni.

Halafu kuna hesabu ambayo mwenye bucha haimhusu. Mtamba hukaa miaka miwili na zaidi kabla ya kutoa tone la kwanza la maziwa. Ukimchinja mkamuliwa leo, ukanunua mtamba kesho, hujarudi pale ulipokuwa. Familia zilizopata ng'ombe wao kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe zinalijua hili vizuri, kwa sababu deni lenyewe hulipwa kwa mtamba, na mtamba anatoka kwenye tumbo la huyohuyo aliyelala.

Pale bandani kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitamka. Katika nyumba nyingi za wafugaji wadogo ng'ombe ni wa baba na maziwa ni ya mama. Lita za asubuhi ndizo sabuni, daftari na nauli. Ng'ombe akichinjwa, mwenye bucha anamhesabia baba. Akitibiwa akapona, kinachorudi ni kipato cha mama. Kwa hiyo baba na mama wanapobishana juu ya ng'ombe aliyeanguka, kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli tupu huku akiona hasara yake kwa karibu na ya mwenzake kwa mbali. Naamini ubishi wetu ungeisha mapema kama mtu angesema wazi kwamba pesa ya nyama, ikipatikana, inanunua mtamba na haifanyi kitu kingine. Mama asingekuwa na sababu ya kukiogopa kisu kiasi kile.

Sasa nafika mahali pagumu kuliko pote. Dawa ya kumpunguzia ng'ombe maumivu ndiyo hiyohiyo inayoufunga mlango wa nyama. Dawa kama flunixin na meloxicam zina muda wake wa kusubiri kabla nyama haijaliwa, kuanzia siku chache hadi wiki mbili hivi, kutegemea dawa na maandishi ya chupa. Antibayotiki aina ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini huandikwa mara nyingi siku 28 kwa nyama. Mfugaji anayejua hivyo anajizuia. Hamchomi sindano yoyote, ili nyama ibaki safi endapo atachinja. Wakati huohuo hachinji, maana bado ana tumaini. Matokeo yake ng'ombe analala na mfupa uliovunjika, bila dawa wala kisu, huku watu wanapigiana simu kuhusu bei. Ndicho tulichokifanya sisi. Jumapili nzima na Jumatatu nzima yule ng'ombe hakupata hata tone la dawa ya maumivu, kwa sababu mlango wa bucha ulikuwa bado haujafungwa. Jumanne bwana mifugo alipofika akamchoma dawa ya maumivu na antibayotiki, mlango ukafungwa, na kwa tiba muda ulikuwa umekwisha kupita.

Umepitaje? Hapa ndipo wengi hatujui, nami sikujua. Ng'ombe mzito akilalia mguu mmoja kwenye sakafu ngumu, uzito wake mwenyewe unazuia damu kufika kwenye misuli. Baada ya saa 6 hadi 12 misuli ya mguu ule huanza kufa na mishipa ya fahamu kuharibika. Hata kama kilichomwangusha mwanzoni kilikuwa kidogo, kulala kwenyewe kunakuwa jeraha jipya, na mara nyingi hilo jipya ndilo linalomuua. Ndiyo maana anayetaka kumtibu ana kazi za kufanya saa ileile: kumtoa kwenye saruji, kumtandikia nyasi au mchanga mwingi, kumgeuza upande kila baada ya saa tatu au nne, usiku na mchana, kumpa maji mbele ya mdomo. Kwa watu wawili kazi hiyo haiwezekani. Kama nyumba haina vijana wanne wa kumgeuza hadi kesho asubuhi, basi tiba haipo pale, hata bwana mifugo awe na begi lililojaa.

Kwa hiyo naona asubuhi ya kwanza ni ya kuchunguza, na uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Alizaa lini? Joto lake ni ngapi? La kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na nusu hivi, na likipanda sana huenda ugonjwa ndio uliomwangusha. Miguu ya nyuma ina urefu sawa? Ukibana kati ya kwato, anauvuta mguu? Ukiusogeza mguu taratibu huku kiganja kikiwa juu ya paja, unasikia mfupa ukisagana? Anakula na kuangaza macho, au amelala ubavu na kichwa chini? Anayekula, anayeuvuta mguu, anayejaribu kuinuka, apewe dawa zote anazostahili, ya maumivu ikiwa ya kwanza, na habari ya nyama isahaulike. Ambaye mfupa wa juu umevunjika, au miguu haina hisia, achinjwe kabla ya adhuhuri. Kwa anayebaki katikati, saa 24 za kumhudumia kweli zinatosha kuonyesha mwelekeo. Wapo waliosimama baada ya siku nyingi zaidi, sikatai, lakini walikuwa wakigeuzwa na kuhudumiwa muda wote huo.

Wenye kisu nao nina neno nao. Kuchinja kwa haraka hakumaanishi kumfunga kamba shingoni, kumburuta hadi barabarani na kumpakia kwenye gari akiwa amevunjika. Nimeona hivyo, na sitaki kuona tena. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hii, lakini hata bila sheria, mtu aliyewahi kuvunjika mguu anajua. Achinjwe palepale alipolala, mkaguzi wa nyama aitwe kabla kisu hakijagusa shingo, na mzoga uende unakokaguliwa na kupigwa mhuri. Wengine watasema mkaguzi yuko mbali na simu yake haipokelewi. Ni kweli kwa vijiji vingi, na ni jukumu la halmashauri zetu, kwa sababu bila mkaguzi mfugaji anabaki na njia ya uchochoroni tu.

Ukaguzi huo si urasimu. Ng'ombe mgonjwa naye huanguka. Aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani na nyuma, hapasuliwi wala kuchunwa: huenda ni kimeta. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007 iliua watu zaidi ya 300 Kenya, Somalia na Tanzania, na njia kubwa mojawapo ya kuambukizwa ilikuwa kushika damu na nyama ya mifugo iliyougua. Marekani, baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kuonekana mwaka 2003 na kashfa ya mwaka 2008 ya machinjio moja ya California yaliyonaswa yakiwatesa ng'ombe walioanguka ili wasimame, iliamua mwaka 2009 kwamba ng'ombe mkubwa asiyeweza kusimama hachinjwi kwa chakula kabisa. Umoja wa Ulaya ulikata njia nyingine: ng'ombe asiyeweza kutembea haruhusiwi kusafirishwa, ila aliyekuwa mzima akapata ajali anaweza kuchinjwa shambani baada ya kupimwa na daktari wa mifugo. Kwa mfugaji wetu mwenye ng'ombe mmoja naona hii ya pili inafaa zaidi. Inatofautisha aliyeumia na anayeumwa, na haimnyang'anyi mtu masikini kila kitu kwa siku moja.

Yule wa jirani yangu hakuwa na homa ya maziwa, wala mfupa wake haukuvunjika. Bwana mifugo alisema misuli ya ndani ya mapaja ilichanika alipoteleza, na kwamba angeitwa Jumapili asubuhi, ng'ombe akatolewa kwenye saruji na kufungwa miguu, kulikuwa na nafasi. Mama alikuwa amesimama pale akisikia. Hakusema kitu. Jumatano usiku ng'ombe alikufa.

Mwaka jana walipata mtamba mwingine. Kabla hajaletwa, baba alishinda siku mbili na nyundo na patasi akichimba mifereji kwenye sakafu ya banda, mistari ya kukatana kama ya daftari la hesabu, na kona moja akaiacha bila saruji, ikajazwa mchanga. Mimi nilibeba ule mchanga kutoka mtoni.